Turbo Iliyokufa na Maji Yanayopotea: Yafahamu Haya Kabla ya Kubadili Kipuri

Na Mwandishi Wetu, Masumbwe

Mji mdogo wa Masumbwe, katika Wilaya ya Mbogwe mkoani Geita, upo kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Ushirombo, Nyakanazi, Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo. Usiku na mchana hupita hapo malori yenye shehena za Rwanda na Burundi, mabasi ya mikoani, magari madogo ya abiria wanaokwenda Kahama na magari ya mizigo yanayoingia na kutoka kwenye machimbo ya dhahabu. Mengi kati ya magari hayo yana injini za dizeli zilizofungwa turbo. Kwa mmiliki wa kawaida, gari la aina hiyo ni mtaji wa familia, na mara nyingi ni mtaji uliopatikana kwa mkopo ambao marejesho yake hayasubiri gari lipone.

Tuchukue mfano ambao dereva yeyote wa barabara hii atautambua. Gari la abiria linatoka Masumbwe asubuhi likiwa limejaa, na miongoni mwa abiria yumo mgonjwa anayepelekwa hospitali. Njiani geji ya joto inapanda kidogo. Dereva anafika Kahama, anasubiri gari lipoe, anaongeza lita mbili za maji na kurudi. Kesho yake anaongeza tena. Baada ya wiki moja gari linaanza kukosa nguvu, linatoa moshi na sauti kama ya filimbi. Fundi anasema turbo imekufa. Mmiliki anakopa, ananunua turbo nyingine, inafungwa. Kabla mwezi haujaisha, na hiyo nayo imekufa. Hapo ndipo inapogundulika kwamba gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua tangu siku ile ya kwanza, na kwamba maji yaliyokuwa yakiongezwa kila siku yalikuwa yakiingia kwenye oili.

Mmiliki huyo hakukosa juhudi wala fedha. Alichokosa ni jibu la swali moja ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: maji yamekwenda wapi? Makala hii inaeleza namna turbo na mfumo wa kupoza injini unavyofanya kazi, jinsi hitilafu ya upande mmoja inavyozaa hitilafu ya upande wa pili, hatua za kuchukua gari linapochemsha barabarani, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyadai gereji kabla ya kutoa fedha yake.

Turbo inavyofanya kazi

Injini huunguza mafuta kwa msaada wa hewa. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri na nguvu huongezeka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili mwaka 1905 wazo la kutumia moshi wenyewe wa injini kusukuma hewa hiyo ya ziada. Turbo za leo zinafuata wazo hilo hilo. Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza, nalo gurudumu la pili huvuta hewa kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya injini.

Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi. Katika turbo nyingi shafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili, ambao huizuia isigusane na beringi zake. Oili hiyo huletwa na bomba jembamba kutoka kwenye injini, kisha hushuka yenyewe kurudi chini kwenye karta. Turbo nyingine, hasa za magari ya petroli na baadhi ya magari ya dizeli, hupozwa pia na maji ya rejeta yanayopita ndani ya gamba lake.

Kutokana na maumbile hayo, turbo hufa kwa sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni kukosa oili au kupata oili chafu: oili iliyopitiliza muda wake huacha masizi yanayoziba bomba lile jembamba. Ya pili ni kuingiwa na kitu kigeni. Vumbi la barabara za machimboni, linapopita kwenye filta iliyochanika, husaga mapanga ya turbo taratibu kama jiwe la kunolea. Ya tatu ni joto la kupita kiasi, ikiwemo tabia ya kuzima injini ghafla baada ya kazi nzito, wakati shafti bado inazunguka na oili imekwisha kusimama. Ya nne ni kuziba kwa bomba la moshi, hali inayoifanya turbo ifanye kazi kwa kusongwa.

Katika sababu zote hizo nne, chanzo kiko nje ya turbo. Kubadili turbo bila kuondoa chanzo ni kuipeleka turbo mpya mahali ambapo ya kwanza ilifia.

Maji ya rejeta huenda wapi

Mfumo wa kupoza injini ni mfumo uliofungwa. Pampu huzungusha maji kwenye injini, themostati huamua lini yapite kwenye rejeta, feni husaidia kuyapoza, na mfuniko wa rejeta huyashikilia kwa mgandamizo. Mfumo ukiwa mzima, kiasi cha maji hakibadiliki kwa namna ya kuonekana kwa miezi mingi. Gari linaloongezwa maji kila siku ni gari bovu, hata kama linatembea vizuri.

Mfuniko wa rejeta ni kipuri kidogo ambacho wengi hukipuuza. Masumbwe na maeneo yanayoizunguka yako kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye takribani nyuzi joto 96, kiwango kinachokaribiana sana na joto la kawaida la injini inayofanya kazi. Mfuniko mzima huongeza mgandamizo na kupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliolegea, uliochakaa mpira wake, au uliobadilishwa kwa wa gari jingine, huondoa kinga hiyo na kuyafanya maji yachemke na kumwagika ingawa injini haina tatizo jingine lolote.

Maji hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nje: mpira uliopasuka, kishikizo kilicholegea, rejeta iliyotoboka, pampu inayovuja, mabomba ya maji yanayokwenda kwenye turbo, au mfuniko wenyewe. Uvujaji huu huacha alama, ama tone chini ya gari, ama ukoga wenye rangi mahali maji yalipokaukia. Ugumu wake ni kwamba uvujaji mdogo unaoangukia chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, hivyo ardhi hubaki kavu.

Njia ya pili ni ya ndani, nayo ndiyo ya hatari zaidi. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, au hedi yenyewe ikipata ufa, maji huingia ndani ya silinda na kutoka kama mvuke kwenye ekzosi, au huchanganyika na oili. Kadhalika gamba la turbo inayopozwa kwa maji likipata ufa, maji hupitia humo kwenda kwenye moshi au kwenye oili. Hakuna tone litakaloonekana chini.

Hitilafu moja inavyozaa nyingine

Mafundi wengi hushughulikia turbo na mfumo wa maji kama mambo mawili yasiyohusiana. Ukweli ni kwamba yanahusiana kwa njia tatu.

Kwanza, maji yanapochanganyika na oili, utando unaoilinda shafti ya turbo hupoteza uwezo wake. Beringi huanza kusagika, shafti huyumba na mapanga hugusa gamba. Hivyo ndivyo gasketi iliyoungua inavyoua turbo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mfano wetu wa mwanzo.

Pili, maji yakipungua joto la injini nzima hupanda. Oili iliyopata joto kupita kiasi huwa nyepesi, kisha huungua na kuacha masizi. Turbo, ambayo tayari iko mahali penye moto zaidi ya sehemu nyingi za injini, huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuumia.

Tatu, turbo isiyofanya kazi vizuri huifanya injini ikose hewa ya kutosha. Dereva hukanyaga mafuta zaidi ili kufidia nguvu iliyopotea, moshi huwa mweusi na joto la moshi hupanda. Gari lililojaa mzigo, likitembea hivyo kwa mwendo mrefu, huchemsha hata kama rejeta yake haina kasoro.

Kwa sababu hiyo, fundi anayekuta turbo imekufa anapaswa kukagua maji, na anayekuta maji yanapotea anapaswa kukagua oili.

Kusoma dalili

Gari hutoa taarifa kabla ya kuharibika kabisa. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu, usiokoma hata baada ya injini kupata joto, ni ishara kwamba maji ya rejeta yanaungua ndani. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi unaoisha baada ya dakika chache si tatizo. Moshi wa rangi ya bluu ni wa oili, na huweza kutoka kwenye turbo iliyochakaa au kwenye pete za pistoni. Moshi mweusi ni wa mafuta yaliyokosa hewa, na mara nyingi chanzo chake ni bomba la hewa lililopasuka kati ya turbo na injini. Hitilafu hiyo ni ndogo, lakini imewafanya baadhi ya watu wanunue turbo wasiyoihitaji.

Sauti nayo ina maana. Filimbi nyembamba ya kawaida ya turbo haipaswi kumtisha mtu, ila ikibadilika na kuwa kama king'ora au mkwaruzo wa chuma, shafti imekwisha kulegea. Kufungua kifuniko cha oili na kukuta ute wenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili inayotaka uchunguzi wa haraka, hasa kama maji nayo yanapungua.

Geji ya joto inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa imewaponza madereva wengi. Kihisio cha joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kihisio hubaki kwenye hewa na huweza kuonyesha joto la chini kuliko lililopo. Dereva huona mshale uliokuwa juu umeshuka ghafla, akadhani gari limepoa, akaendelea na safari. Dakika chache baadaye injini inanoki. Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla bila sababu, simama.

Gari likichemsha barabarani

Uamuzi wa dakika tano za mwanzo ndio unaotofautisha mpira wa kununua dukani na injini ya kununua upya. Geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, punguza mwendo na utafute mahali salama nje ya barabara. Katika magari yenye hita ya ndani, kuiwasha kwa nguvu yote husaidia kuondoa sehemu ya joto wakati unatafuta mahali pa kusimama. Abiria watalalamika, lakini waeleze sababu.

Ukishasimama, washa taa za tahadhari, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma ya gari, na uwashushe abiria wakae mbali na njia ya magari. Kwenye barabara yenye malori mengi kama hii, hasa usiku, gari lililoharibika bila alama limekuwa chanzo cha ajali mbaya kuliko hitilafu yenyewe. Kama mvuke unatoka kwa nguvu au geji imefika mwisho, zima injini mara moja.

Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto. Maji yaliyomo yako juu ya kiwango cha kuchemka na yanashikiliwa na mgandamizo peke yake. Mfuniko ukilegezwa hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani kwa aliyeufungua. Subiri angalau nusu saa, na mara nyingi zaidi ya hapo, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono bila kuunguza. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso pembeni na uulegeze taratibu.

Iwapo mtu ameungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ondoa pete, saa au nguo isiyogandamana na ngozi, kisha mfunike kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha kutolea huduma za afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala udongo. Vitu hivyo hushikilia joto na kuingiza vijidudu kwenye kidonda.

Unapoongeza maji, injini iwe imepoa. Maji baridi yakimiminwa kwenye chuma cha moto huweza kupasua silinda hedi. Jaza taratibu, kisha washa injini na utazame kama yanavuja wapi. Kama uvujaji ni mdogo na wa nje, unaweza kufika gereji iliyo karibu kwa mwendo wa pole ukiwa na maji ya akiba. Kama maji yanaisha mara tu unapoyaweka, kama yanatoa mapovu mfululizo, au kama oili imebadilika rangi, safari imeishia hapo. Tafuta gari la kuvuta na usafiri mwingine kwa abiria. Mgonjwa aliye ndani ya gari ahamishiwe gari jingine mapema, asisubiri majaribio ya dereva.

Injini inapogoma kuzimika

Yapo madhara ya turbo ambayo hutokea kwa nadra lakini yanahatarisha maisha. Turbo ya gari la dizeli ikivunjika vizuizi vyake vya oili, oili huvutwa kuingia ndani ya injini na kuwaka kama mafuta. Injini huanza kunguruma yenyewe kwa kasi kubwa, moshi mzito hufunika barabara, na kuzima swichi hakusaidii, kwa kuwa injini haitegemei tena mafuta ya tangi.

Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini ilazimike kuzimika. Kwa gari la gia za kujiendesha, lisimamishe, vuta breki ya mkono, toa watu wote na msogee mbali. Fundi mwenye uzoefu anaweza kuzuia hewa isiingie kwa kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao imara. Mkono au nguo visitumike kamwe, kwa kuwa mvuto wake huweza kujeruhi au kumeza nguo hiyo. Ukitokea moto, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya Polisi.

Vipimo vya kudai kabla ya kununua kipuri

Mwananchi ana haki ya kumwomba fundi athibitishe anachokisema. Kwa maji yanayopotea, kipimo cha kwanza ni pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta na kutia mgandamizo injini ikiwa imepoa. Geji ya pampu ikishuka, maji yanavuja, na mahali yanapovujia huonekana au huthibitika kuwa ni ndani. Kipimo cha pili ni dawa ya rangi inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi. Ikibadilika, gasketi au hedi ina kasoro. Hata bila vifaa hivyo, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au mpira wa rejeta unaokuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, ni ushahidi wenye uzito.

Kwa turbo, fundi afungue bomba la hewa na kushika shafti kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mchezo mdogo sana wa pembeni ni wa kawaida, lakini shafti haipaswi kufikia kugusa gamba, wala kusogea mbele na nyuma kwa kiasi kinachohisika waziwazi. Mapanga yawe mazima bila kung'oka wala kupinda. Oili nyingi ndani ya mabomba ya hewa ni dalili mbaya, ila fundi ahakikishe pia kwamba bomba la kurudisha oili halijaziba, kwa kuwa kuziba huko hufanya turbo nzima ionekane mbovu.

Kubadili turbo kwa utaratibu

Ikithibitika kwamba turbo imekufa, kazi ya kuibadili inapaswa kuanza na usafi. Oili na filta yake vibadilishwe. Bomba la kupeleka oili lisafishwe kabisa au libadilishwe, na la kurudisha likaguliwe. Intakula na mabomba ya hewa yasafishwe, kwa kuwa vipande vya chuma vya turbo ya zamani vikibaki humo huvutwa ndani ya silinda. Filta ya hewa iwe mpya. Gamu ya kuziba isipakwe kwenye viungio vya oili vya turbo, maana vipande vyake hukatika na kuziba tundu la oili.

Kabla ya kuwasha, turbo mpya itiwe oili safi kwenye tundu lake, na injini izungushwe kwa stata bila kuwaka hadi mgandamizo wa oili ufike. Ikishawaka, iachwe ingurume taratibu dakika kadhaa bila kukanyagwa mafuta. Sekunde chache za kuzunguka bila oili zinatosha kuiharibu turbo mpya siku hiyo hiyo.

Mazoea ya kuachwa

Yapo mazoea kadhaa yaliyoenea ambayo hugharimu zaidi ya yanavyookoa. La kwanza ni kung'oa themostati kwa imani kwamba gari halitachemsha tena. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto linalotakiwa, hula mafuta mengi na huchakaa haraka. Katika baadhi ya injini, kuiondoa huyafanya maji yapite njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi.

La pili ni kutia bizari, unga au yai kwenye rejeta ili kuziba tundu. Vitu hivyo havichagui mahali pa kuziba. Huziba pia njia nyembamba za rejeta na mabomba ya maji ya turbo.

La tatu ni kutumia maji ya kisima au ya lambo mwaka mzima. Maji hayo huwa na chumvi na tope vinavyoganda ndani ya injini kama ukoga wa sufuria ya kuchemshia maji. Katika dharura maji safi yoyote yanafaa kukufikisha, lakini baada ya hapo mfumo uoshwe na kujazwa kimiminika cha kupoza injini, maarufu kama kulanti, kwa kipimo kilichoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Wapo wanaodhani kulanti ni ya nchi za baridi peke yake. Kazi yake hapa kwetu ni kuzuia kutu, kupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda pampu. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi tu, kwa sababu rangi haina kanuni moja kwa watengenezaji wote.

La nne ni kukanyaga mafuta kwa nguvu kabla ya kuzima injini. Baada ya mwendo mrefu au mzigo mzito, iache injini ingurume taratibu dakika moja hadi tatu ndipo uizime. Asubuhi nayo, ipe nusu dakika kabla ya kuondoka.

Haki na wajibu wa mwananchi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka anayeendesha chombo barabarani ahakikishe kiko katika hali nzuri. Mmiliki anayemtuma dereva barabarani na gari linaloongezwa maji kila kituo anahatarisha abiria pamoja na mali yake mwenyewe.

Unaponunua kipuri, dai risiti ya kielektroniki na masharti ya dhamana kwa maandishi. Mwombe fundi akurudishie kipuri cha zamani na akueleze kwa maneno mepesi kilikufa kwa sababu gani. Masuala ya viwango vya bidhaa yanasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Risiti ndiyo inayokupa msingi wa kulalamika. Kwa vijana walioupata ufundi gereji bila kupita chuoni, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi huo na kuutolea cheti.

Kulanti na oili chafu visimwagwe ovyo. Kulanti nyingi zina kemikali yenye sumu na ladha tamu, ambayo huweza kuua mtoto au mifugo inayokunywa kwenye dimbwi lake. Isihifadhiwe kwenye chupa za soda wala za maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo, na katika maeneo ambayo kaya nyingi zinategemea visima, madhara yake humrudia aliyeumwaga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, ufa huo huanza na lita mbili za maji zilizoongezwa Kahama bila kuulizwa zimekwenda wapi. Kila asubuhi, kabla ya kupakia abiria wa kwanza, fungua boneti injini ikiwa baridi, tazama kiwango cha maji, vuta kijiti cha oili na uandike kwenye daftari ulichoongeza. Daftari hilo likionyesha maji yamepungua siku mbili mfululizo, gari liende gereji siku hiyo, likiwa bado linaweza kwenda lenyewe.